Mnunuzi mmoja mwenye akaunti elfu

Oktoba 2025 kampuni ya Ticketmaster, ambayo ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa tiketi za matamasha nchini Marekani, iliwaarifu maseneta wa nchi hiyo kwamba haitaruhusu tena mtu mmoja kumiliki akaunti nyingi katika tovuti yake. Wanaouza tena tiketi walizonunua watatambuliwa kwa namba zao za mlipakodi, kila mmoja akibaki na akaunti moja, na programu ya kampuni hiyo iitwayo TradeDesk, ambayo madalali walikuwa wakiitumia kusimamia kwa pamoja tiketi zilizotawanyika katika akaunti zao, haitahudumia tena tiketi za matamasha. Wengi waliichukua habari hiyo kama ushindi dhidi ya roboti za mtandaoni, yaani zile programu zinazosemekana kumaliza viti vyote kabla binadamu hajamaliza kuandika jina lake. Nadhani imesomwa vibaya. Kwa miaka mingi sasa kiini cha tatizo hili kimekuwa mahali pengine: haki ya kununua ilihesabiwa kwa akaunti badala ya kuhesabiwa kwa mtu, na aliyepewa kazi ya kuhesabu alifaidika kila hesabu ilipokosewa. Kwa sababu hiyo, kufuta akaunti za ziada ni hatua ya lazima lakini dhaifu, na itabaki dhaifu mpaka faida ya kuuza tena kwa bei ya kuruka ikatwe, na usimamizi wa ukomo wa tiketi utoke mikononi mwa anayelipwa ada kwa kila mauzo.

Imani juu ya roboti haikuzuka bure. Januari 2016 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitoa ripoti iliyoeleza kwamba Desemba 2014 dalali mmoja alitumia programu kununua tiketi 1,012 za onyesho moja la kundi la U2 katika ukumbi wa Madison Square Garden kwa muda usiofika dakika moja, ingawa ukomo uliotangazwa ulikuwa tiketi nne kwa mnunuzi. Mfano huo uliwakera watu, na ulistahili kuwakera. Desemba 2016 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya shirikisho inayofahamika kwa kifupi kama BOTS, inayokataza kukwepa kinga za kiteknolojia ambazo muuzaji ameziweka ili kulinda ukomo wa ununuzi. Miaka sita baadaye, Novemba 2022, mauzo ya awali ya ziara ya Taylor Swift yalipokwama na watu kubaki kwenye foleni ya mtandaoni kwa saa nyingi, Ticketmaster ilieleza kwamba mifumo yake ilipokea maombi bilioni 3.5 kwa jumla na kwamba mashambulizi ya roboti yalikuwa sehemu ya sababu. Tangu hapo kila kashfa ya tiketi imekuwa na mkosaji aliyekwisha kutajwa kabla ya uchunguzi kuanza, na kwa kuwa mkosaji huyo hana ofisi wala sura, maswali kuhusu wenye ofisi yalipoa.

Kesi iliyofunguliwa Agosti 2025 inaonyesha picha tofauti. Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya udalali ya Key Investment Group ya jimbo la Maryland pamoja na baadhi ya viongozi wake. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023 kampuni hiyo na washirika wake walinunua tiketi zisizopungua 379,776 kutoka Ticketmaster kwa karibu dola milioni 57, kisha wakauza sehemu ya tiketi hizo kwa takriban dola milioni 64. Nyenzo zinazotajwa humo ni maelfu ya akaunti, nyingine za majina ya kubuni na nyingine zilizonunuliwa kwa watu wengine. Maelfu ya namba za kadi za benki. Anwani za intaneti zilizofichwa ili ofisi moja ionekane kama nyumba nyingi. Na mitambo inayobeba laini nyingi za simu kwa wakati mmoja ili kupokea namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Kampuni yenyewe ilikuwa imetangulia kwenda mahakamani Julai mwaka huo, ikitaka itamkwe kwamba sheria ya BOTS haiihusu kwa kuwa haitumii programu za kununua zinazojiendesha zenyewe. Madai ya upande mmoja si hukumu, na msomaji akumbuke hilo katika yote yanayofuata.

Katika hati hiyo kuna mfano mmoja ambao kwangu unaeleza jambo zima. Kwa onyesho moja la Taylor Swift katika uwanja wa Allegiant mjini Las Vegas, Machi 2023, ukomo ulikuwa tiketi sita kwa mnunuzi. FTC inadai kwamba kampuni ilitumia akaunti 49 kupata tiketi 273. Gawanya: kila akaunti ilinunua, kwa wastani, tiketi tano na nusu hivi, yaani chini ya ukomo. Mfumo wa kompyuta unaokagua akaunti moja moja usingeona kosa lolote hapo, kwa sababu kila akaunti ilikuwa na tabia ya mteja mwema anayenunulia familia yake. Kosa lilikuwa katika jumla, na jumla haikuwa ikikaguliwa. Hakuna kasi ya ajabu inayohitajika kufanya hivyo. Wafanyakazi kadhaa waliokaa mezani, kila mmoja na kompyuta zake, barua pepe zake na kadi zake, wanatosha. Kinga inayopima kasi ya vidole, ile inayomtaka mteja achague picha za taa za barabarani ili kuthibitisha ubinadamu wake, itawapitisha wote, maana kweli ni binadamu.

Uingereza ililiona hilo mapema zaidi. Februari 2020 mahakama mjini Leeds iliwahukumu kifungo wafanyabiashara wawili wa tiketi kwa udanganyifu wa kibiashara, na ushahidi uliotolewa ulionyesha kwamba walikuwa wametumia majina yasiyopungua 97, anwani za posta 88 na anwani za barua pepe zaidi ya 290. Walitumia programu pia, lakini uzito wa kesi uliegemea kwenye udanganyifu wa utambulisho na kwenye kuwauzia watu tiketi ambazo, kwa masharti ya ununuzi, zingeweza kukataliwa mlangoni. Rufaa yao ilishindwa mwaka 2021. Waendesha mashtaka hawakuhitaji kuthibitisha kwamba mashine ndiyo iliyobonyeza. Ilitosha kuthibitisha kwamba mtu mmoja alijifanya watu wengi ili achukue mafungu ya watu wengi.

Sasa, kwa nini hesabu ya jumla haikufanywa na yule aliyekuwa na takwimu zote? Hapa ndipo jambo linapokuwa zito, na ndipo mjadala wa roboti unapofunika mengi. Septemba 2018 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, pamoja na gazeti la Toronto Star, walichapisha uchunguzi ambao waandishi wake walijifanya madalali katika mkutano wa wauza tiketi mjini Las Vegas. Wawakilishi wa Ticketmaster waliwaeleza kuhusu TradeDesk na kuwahakikishia kwamba kampuni haikuwa ikiwafuatilia madalali wenye akaunti nyingi. Kampuni ilisema wakati huo kwamba maneno ya wafanyakazi hao hayakuwakilisha sera yake. Septemba 2025 FTC pamoja na majimbo saba waliishtaki kampuni mama, Live Nation, na Ticketmaster yenyewe, wakidai kwamba sera ilikuwa hiyohiyo: kwamba barua pepe ya ndani ya ofisa mwandamizi ilikiri kuwa madalali wanaokiuka ukomo walifumbiwa macho kwa makusudi, na kwamba uchunguzi wa ndani ulikuta madalali watano tu wakimiliki akaunti 6,345 zenye tiketi 246,407 za matukio 2,594. Kwa wastani kila dalali alikuwa na akaunti 1,269. Kampuni inazipinga shutuma hizo, lakini hakuna anayebisha kwamba muundo wa mapato yake unatoa motisha ya wazi. Tiketi inayouzwa mara ya kwanza inaiingizia ada. Ikirudishwa sokoni katika tovuti hiyohiyo, muuzaji analipa ada na mnunuzi wa pili analipa ada, na ada hizo huhesabiwa kwa bei ya juu zaidi. FTC inakadiria kwamba ada za mauzo ya pili peke yake zilifika dola bilioni 3.7 kati ya 2019 na 2024. Kumtaka mwenye mapato hayo awe mlinzi mkali wa ukomo ni kumpa kazi inayompunguzia kipato chake mwenyewe.

Upande wa madalali una hoja, na moja kati ya hizo ni nzito. Inasema kwamba tiketi hupangiwa bei ya chini kuliko ile ambayo soko lingeilipa, na pale penye pengo hilo atatokea mtu wa kulijaza, awe na akaunti moja au elfu. Ukimzuia huyu atakuja mwingine. Dalali, wanasema, anabeba hatari: tamasha lisipojaza ukumbi, hasara ni yake, na anayekumbuka usiku wa tukio kwamba anataka kwenda anapata kiti bila kukesha kwenye foleni wiki kumi kabla. Wasomaji wa Tanzania wenye umri wa kutosha wana sababu ya kuisikiliza hoja hii. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni kubwa dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, ikatunga sheria maalumu, ikawakamata watu wengi na kukuta bidhaa zimefichwa maghalani. Uhaba haukuisha kwa ukamataji huo. Sukari, sabuni na vitambaa vilianza kurudi madukani baada ya mwaka 1984, watu waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Ulanguzi ulipungua kwa sababu bidhaa ziliongezeka, na mwanauchumi yeyote atasema kwamba hilo lilitazamiwa.

Hata hivyo mfano huohuo unaonyesha mahali hoja ya madalali inapokatika. Sukari huagizwa, viti vya uwanja havijengwi upya kila bei inapopanda. Bei ikiruka kutoka dola 150 hadi dola 900, hakuna kiti hata kimoja kinachoongezeka, kwa hiyo kazi pekee ambayo bei hiyo inafanya ni kuamua nani akae na nani abaki nje, na kuhamisha tofauti ya fedha kwenda kwa mtu ambaye hakuimba, hakupanga jukwaa wala hakujenga ukumbi. Zaidi ya hapo, pengo la bei mara nyingi ni uamuzi wa msanii. Yuko msanii anayetaka vijana waliomfuata tangu mwanzo waingie kwa fedha wanazoweza kuzipata, na ana haki ya kutoa punguzo hilo kwa anaowataka. Dalali mwenye akaunti elfu analichukua punguzo ambalo hakukusudiwa na kuliuza. Na kuhusu hatari anayoibeba, ni kweli ipo, lakini aliichagua mwenyewe, ilhali ukomo wa tiketi sita uliwekwa hasa ili mtu mmoja asiweze kubeba hatari ya ukumbi mzima na kuwatoza wengine gharama yake.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa zaidi: kwamba bila roboti hakuna kosa. Jina la sheria limewapotosha watu wengi hapa, lakini maandishi yake hayadai kuwepo kwa programu yoyote. Yanakataza kukwepa hatua ya usalama, mfumo wa udhibiti au kinga nyingine ya kiteknolojia inayotumiwa kusimamia ukomo uliotangazwa, na yanakataza pia kuuza tiketi zilizopatikana hivyo ikiwa muuzaji alishiriki au alipaswa kujua. Mtu anayepachika laini mia kwenye mtambo ili namba za uthibitisho zifike kwake anakwepa kinga, iwe kidole chake ndicho kilichobonyeza au la. Katika kesi za kwanza kabisa chini ya sheria hiyo, zilizomalizwa Januari 2021 dhidi ya madalali watatu wa New York, malalamiko ya serikali yalitaja akaunti za majina ya uongo na kadi nyingi sambamba na programu. Faini zilizidi dola milioni 31, ingawa zilipunguzwa hadi milioni 3.7 kwa sababu washtakiwa hawakuwa na uwezo wa kulipa. Mahakama zitaamua mpaka wa sheria ni upi, na inawezekana zikaufinya. Lakini kimantiki, na kimaadili pia, anayepanga foleni mara hamsini kwa majina hamsini anawanyang'anya nafasi watu 49, na wanaonyang'anywa hawapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba alifanya hivyo kwa mkono.

Ticketmaster nayo ina utetezi wake kuhusu TradeDesk: kwamba ilikuwa chombo cha kupanga na kuuza tiketi zilizokwisha kununuliwa, wala haikununua hata moja. Kitaalamu hilo ni sahihi. Lakini chombo kinachomruhusu mtu kuunganisha akaunti mamia na kuziona kwenye ukurasa mmoja kinamwambia mwenye chombo, bila haja ya upelelezi wowote, nani anamiliki nini. Taarifa ambayo kampuni ilisema ni vigumu kuipata ilikuwa ikiingizwa kwa hiari na wateja wake wenyewe. Ndiyo maana siwezi kuuchukulia uamuzi wa Oktoba 2025 kama uvumbuzi wa kiteknolojia. Uwezo wa kuhesabu watu ulikuwepo kwa miaka. Kilichobadilika ni kwamba mashtaka yalifanya kutohesabu kuwe na gharama.

Pamoja na hayo, ningependa watetezi wa kanuni ya akaunti moja, ambao mimi ni mmojawao, wawe waangalifu na watu watakaoumia bila hatia. Watu wa kawaida wana akaunti mbili kwa sababu zisizo na hila: barua pepe ya zamani ilipotea pamoja na nywila yake, binti anamnunulia mama yake asiyetumia intaneti, katibu wa kwaya anakusanya fedha za wanakikundi ishirini na kununua kwa kadi moja. Mke na mume wanaotumia kadi moja na mtandao mmoja wa nyumbani wanafanana, machoni pa mfumo, na dalali mdogo. Akaunti zikifutwa kwa wingi na kompyuta bila mtu wa kusikiliza rufaa, watakaopoteza tiketi ni hawa, kwa kuwa dalali mkubwa ana wanasheria na ana muda wa kujipanga upya. Kuna pia suala la siri za watu. Mwishoni mwa Mei 2024 Live Nation ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika hifadhi ya taarifa za Ticketmaster, na wadukuzi wenyewe walidai kuwa na taarifa za wateja milioni 560. Kampuni yenye historia hiyo inapoomba namba za mlipakodi, mtu ana haki ya kuuliza zitatunzwa wapi na kwa muda gani. Kwa sasa matakwa hayo yamewalenga wanaouza, na hapo ndipo yanapopaswa kukomea: anayetaka kugeuza tiketi kuwa biashara ajitambulishe kikamilifu, na anayetaka kumwona mwanamuziki anayempenda asidaiwe vitambulisho vya ziada kwa sababu ya makosa ya mwingine.

Hata kitambulisho chenyewe hakina nguvu tunayokipa. Sisi wa Afrika Mashariki tuna uzoefu mrefu kuliko Wamarekani katika hili. Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA mwaka 2019, na ilipofika Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa kila namba ya simu iwe na mtu halisi nyuma yake. Matapeli waliendelea, kwa laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine ambao hawakuelewa walichokuwa wakikifanya kwenye meza ya wakala, na ndiyo sababu hadi leo wananchi hukumbushwa kupiga *106# ili kuangalia kama kuna namba ngeni chini ya majina yao. Kanuni ya mtu mmoja kwa kitu kimoja huzaa soko la watu: utambulisho wa maskini unakuwa bidhaa ya kukodishwa. Hati ya mashtaka dhidi ya Key Investment tayari inataja akaunti zilizonunuliwa kutoka kwa watu wengine. Akaunti za majina ya kubuni zikizibwa, bei ya majina ya kweli itapanda, na atakayeuza jina lake kwa dola chache ni mwanafunzi au mtu asiye na kazi, ambaye ndiye atakayeitwa kujibu maswali siku mambo yakiharibika.

Kinachoondoa soko hilo ni kuondoa faida inayolilisha. Japani iliweka sheria, iliyoanza kutumika Juni 2019, inayofanya kuuza tena kibiashara tiketi za majina kwa bei ya juu kuwa kosa la jinai, adhabu ikiwa hadi kifungo cha mwaka mmoja au faini ya hadi yen milioni moja. Ireland ilipitisha yake mwaka 2021 kwa matukio na kumbi zilizoteuliwa. Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kusudio la kupiga marufuku kuuza tiketi juu ya bei ya awali, na nchini Marekani kwenyewe jimbo la Maine liliweka mwaka 2025 ukomo wa asilimia 110 ya bei hiyo. Wapinzani wanaonya kwamba ukomo wa bei utawasukuma wauzaji kwenye makundi ya mitandao ya kijamii ambako hakuna anayemlinda mnunuzi dhidi ya tiketi bandia. Onyo hilo si la kupuuza, kwa sababu mtu anayekata tamaa hutuma fedha kwa mgeni. Linajibiwa kwa kuwepo njia halali na rahisi ya kurudisha tiketi kwa bei ileile, inayomlipa haraka mtu aliyeugua au aliyebadilishiwa zamu kazini, ili asiwe na sababu ya kutafuta kichochoro. Dalali mwenye akaunti 1,269 haendi kwenye kichochoro kuuza tiketi maelfu moja moja. Biashara ya ukubwa huo inahitaji soko lililo wazi, lenye malipo ya kadi na wateja wa nchi nzima, na soko likifungwa kwake hesabu zake hazilipi tena mishahara wala laini.

Lipo jambo moja ambalo hata ukomo wa bei hauligusi, na linasemwa kidogo mno. Ripoti ileile ya New York ya 2016 ilikuta kwamba, kwa wastani, ni asilimia 46 tu ya tiketi za matamasha makubwa iliyochunguza ndizo zilizofika kwenye mauzo ya wazi kwa umma. Asilimia 16 ziliwekwa pembeni kwa ajili ya wahusika wa tasnia, wasanii, kumbi na mapromota, na asilimia 38 ziliuzwa mapema kwa makundi maalumu, kama wenye kadi za benki fulani. Mpenzi wa muziki anayeona viti vimekwisha ndani ya dakika tano huamini kwamba walioviondoa ni walanguzi, kumbe zaidi ya nusu havikuwahi kuwekwa mezani. Kutangaza kabla ya mauzo ni tiketi ngapi hasa zinazouzwa kwa umma kungegharimu ukurasa mmoja wa tovuti, na kungewawezesha watu kupima madai ya kila upande kwa takwimu.

Haya yanatuhusu kwa njia ya moja kwa moja kuliko tunavyodhani. Fainali za AFCON 2027 zimepangwa kuandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, na tiketi zake zitauzwa mtandaoni kwa mashabiki wa bara zima. Katika fainali zilizofanyika Morocco kuanzia Desemba 2025, shabiki alitakiwa kwanza kujisajili na kupata kitambulisho cha shabiki kupitia programu ya simu iitwayo Yalla, kisha ndipo anunue tiketi na kuingia uwanjani. Mpango wa namna hiyo ukiletwa kwetu utakuwa umevuka hatua ambayo Marekani inaianza sasa, kwa kuwa tangu mwanzo unahesabu watu. Utakutana hata hivyo na mazingira ambamo simu moja hutumiwa na watu wanne wa familia, ambamo kijana wa mtaani mwenye simu nzuri ndiye huwanunulia wenzake kumi kwa nia njema, na ambamo wakala wa fedha za simu anaweza kusajili majina mia kwa siku moja kwa malipo madogo. Waandaaji wanapaswa kuamua mapema, na kuyaandika hadharani kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, mambo ambayo huko kwingine yaliachwa hadi mahakamani: kama ununuzi wa kikundi utakuwa na dirisha lake lenye kiongozi anayejulikana, kama tiketi itarudishwa kwa bei ya awali ndani ya mfumo uleule na fedha kurudi kwenye simu ya aliyelipa, ni tiketi ngapi za kila mechi zimetengwa kwa wadhamini na viongozi, na ni chombo gani kisicholipwa kwa idadi ya mauzo kitakachopewa orodha nzima ya wanunuzi ili kitafute, baada ya kila awamu, kadi moja, simu moja au anwani moja iliyojitokeza mara nyingi kupita kiasi.